Jina la Mtoto: Anza na Maana, Kisha Tafuta Lugha

Siku hizi, katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa, jina la mtoto hutafutwa kwanza kwenye simu. Mama mjamzito hufungua orodha ndefu iliyopangwa kwa alfabeti, akasoma jina moja baada ya jingine mpaka apate linalopendeza sikioni, ndipo atazame maana yake. Mwongozo huu unawashauri wazazi wageuze mpangilio huo: wakubaliane kwanza ni neno gani wanataka kulisema juu ya mtoto huyu, halafu waitafute lugha inayolisema kwa namna itakayokubalika katika ukoo, mtaani na katika cheti cha kuzaliwa. Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu na mke wangu ni Mhehe wa Kalenga. Tuna watoto watatu, na kila mmoja wao alipozaliwa kulikuwa na bibi wawili, kila bibi na jina lake mkononi, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa nimeyajaribu.

Neno kabla ya jina

Kila mzazi achukue karatasi yake na aandike, bila kumwonyesha mwenzake, sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida inayosema mtoto huyu ni nini kwao. Mara nyingi sentensi hizo huangukia katika mafungu machache: tumepewa, tumebarikiwa, tumehurumiwa, tumefurahi, tunampenda, Mungu yuko nasi, au tunamkumbuka fulani. Mkishalinganisha karatasi zenu, kazi inayobaki ni nyepesi kuliko mlivyodhani, kwa maana mambo hayo yana majina karibu kila mahali duniani.

Chukueni "tumepewa". Mnyakyusa atasema Atupele, yaani ametupa, na hana haja ya kumtaja aliyetoa kwa sababu kila asikiaye anajua kuwa ni Kyala, yaani Mungu. Mwebrania alisema Nathanaeli, Mungu ametoa, na pia Mathayo, zawadi ya Bwana. Mgiriki alikuwa na Theodor kwa mvulana na Dorothea kwa msichana, majina mawili yaliyoundwa kwa maneno yaleyale, zawadi na Mungu, ila mpangilio umepinduliwa. Kwa Kilatini ni Deodatus, jina ambalo parokia zetu zimelieneza mpaka limekuwa kama la nyumbani. Waslavi wana Bogdan, Waarabu wana Ataullah, na tukishuka kusini mwa Afrika tunakutana na Mpho kwa Watswana na Wasotho, Sipho kwa Wazulu, Tapiwa kwa Washona, ambalo ni "tumepewa" neno kwa neno. Kwa Waganda ni Kirabo. Jirani zetu wa Malawi, ambao ukivuka Kasumulu tu unawakuta sokoni, wana Mphatso.

Kwa baraka, nyanda zetu za juu zina Lusajo, na kutoka mzizi huohuo wa Kinyakyusa tunapata Nsajigwa, aliyebarikiwa, na Tusajigwe, tumebarikiwa. Kilatini kina Benedict, Kiebrania kina Baruku, Kichewa kina Madalitso, Kibemba kina Mapalo, Kinyarwanda kina Mugisha na Kizulu kina Sibusiso. Jina la Barack Obama, rais wa 44 wa Marekani, ni baraka hiyohiyo tunayoitamka sisi kila siku, iliyofika kwa Wajaluo kutoka Kiarabu. Mzazi aliyempa mwanawe jina la Lusajo na mwenzake aliyeamua kuweka Baraka wamesema neno moja, na hakuna aliye wa kisasa kuliko mwingine.

Fungu la upendo na furaha ndilo lenye utajiri mkubwa zaidi. Lugano ni upendo, na Atuganile ni ametupenda. Watumbuka husema Temwa, Wachewa Chikondi, Wasotho Lerato, Wazulu Thandiwe, yaani aliyependwa, na Daudi wa Biblia kwa kawaida hufasiriwa kuwa mpendwa, kama ilivyo Habiba kwa Kiarabu. Kwa furaha tuna Lusekelo, na ng'ambo ya mpaka kuna Chimwemwe. Waethiopia wana Desta, Waganda wana Ssanyu, Wayoruba wana Ayo, Wahindi wana Anand, na Warumi walikuwa na Felix. Jina la Isaka hupendwa na wazee wa kanisa bila wengi wao kukumbuka kuwa maana yake ni "anacheka", kwa sababu mama yake alicheka alipoambiwa kuwa atazaa katika uzee wake. Mtu aliyemsubiri mtoto miaka kumi na miwili atalielewa jina hilo bila kuhubiriwa.

Imani ni Lwitiko kwa Wanyakyusa, na kwa Wabena na Wahehe utalisikia kama Lwidiko. Nguvu ni Gwamaka, ambaye nduguye wa mbali ni Haile wa Ethiopia, na pia Gabrieli, "Mungu ni nguvu yangu". Tulinagwe, tuko naye, anakaribiana mno na Emanueli wa Kiebrania na Tinashe wa Kishona, ambao wote wawili wanasema Mungu yuko nasi. Ambwene, ameniona, ni jina ambalo binafsi nalihesabu kuwa miongoni mwa mazuri kuliko yote tuliyo nayo, kwa kuwa linasema jambo kubwa kwa neno moja fupi.

Manufaa ya njia hii niliyaona kwa mtoto wetu wa kwanza. Mama yangu alitaka aitwe Ipyana. Mama mkwe alitaka Yohana, jina la marehemu mume wake, na kwa muda wa wiki nzima simu kati ya Tukuyu na Kalenga zilikuwa za heshima nyingi na maelewano kidogo. Mke wangu ndiye aliyeuliza Yohana ni nini hasa. Yohana ni "Bwana ana neema", na Ipyana ni neema. Bibi hao wawili walikuwa wakitaka jina moja kwa lugha mbili, na mtoto akapewa yote mawili. Jina hilohilo la Yohana ndilo John wa Waingereza, Giovanni wa Waitalia, Ivan wa Warusi na Juan wa Wahispania, na Hana au Ana limetoka katika neno hilohilo la Kiebrania la neema. Waarabu humwita Yohana Mbatizaji Yahya, ingawa wao husikia ndani ya jina hilo neno la kuishi. Familia yenye Waislamu upande mmoja na Wakristo upande mwingine, na ziko nyingi Mbeya mjini, inaweza kupata njia hapo. Kwa huruma, iliyo dada wa neema, kuna Kissa kwa Wanyakyusa, Rehema kwa Waswahili, na Lusungu, jina linalosikika kwetu na kwa Watumbuka pia.

Majina ya siku, mvua na pacha

Si kila jina linabeba sala. Mengine ni taarifa tu ya namna mtoto alivyofika. Chausiku alizaliwa usiku, na Wajaluo humwita mtoto huyo Atieno akiwa wa kike na Otieno akiwa wa kiume. Mwamvua alikuja na mvua, kama Akoth na Okoth wa Wajaluo na Nomvula wa Wazulu. Mzazi wa Rungwe, ambako mvua haikosekani kwa miezi mingi ya mwaka, afikirie kama jina hilo litamtofautisha mwanawe na wengine.

Juma na Mwajuma ni watoto wa siku ya Ijumaa. Waakan wa Ghana wameufanya utaratibu huu kuwa kamili: kila siku ya juma ina jina lake la kiume na la kike, Kofi na Efua kwa Ijumaa, Kwame na Ama kwa Jumamosi, Kwasi na Akosua kwa Jumapili, na kadhalika. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938, pamoja na pacha wake aliyeitwa Efua. Kwa hiyo Juma wa Mwanjelwa ana haki ya kumwita Kofi wajina.

Kwa pacha, Kulwa na Doto wametoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi wakaenea nchi nzima, na anayewafuata huitwa Shija. Waganda wana Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana, na Kizza ndiye anayefuata. Wayoruba humwita wa kwanza Taiwo, aliyetangulia kuionja dunia, na wa pili Kehinde, aliyekuja nyuma. Kwao Kehinde ndiye mkubwa, kwa hoja kwamba ndiye aliyemtuma mwenzake aende kutazama kama kunafaa kutokea. Wazazi wa pacha wanaochoshwa na swali la nani kaka wanaweza kulitumia jibu hilo.

Majina ya huzuni yanahitaji tahadhari. Shida, Tabu, Mashaka, Sikitu: tumekua nao darasani, na wengi wao walikuwa watu wachangamfu kuliko majina yao. Desturi hii haiko kwetu peke yetu. Waigbo wana Ozoemena, "lisitokee tena", na Wayoruba, kwa mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufariki, wana Malomo, "usiende tena", na Durojaiye, "kaa uifurahie dunia". Ninawaheshimu wanaotoa majina hayo, kwa maana ni kilio cha kweli. Hata hivyo, katika kitabu cha Mwanzo, Raheli alipokuwa akikata roho alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu, naye baba akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Uchungu ulikuwa wa mama na wa siku ile, ilhali jina lingebebwa na mtoto maisha yake yote, na nadhani Yakobo aliona hilo. Ikiwa msiba ni lazima ukumbukwe, Faraja linaukumbuka bila kumbebesha mtoto mzigo, na kadhalika Konsolata, jina la Kilatini la aliyefarijiwa, ambalo Iringa imelizoea kwa sababu ya wamisionari wa shirika lenye jina hilo.

Kuhakiki maana

Hapa ndipo wazazi wengi wanapodanganywa. Orodha zilizomo kwenye intaneti hunakiliana, na kosa moja huzaa makosa mia. Ushahidi wa karibu ni lugha yetu wenyewe: orodha nyingi za kigeni zinasema kwamba Nala ni neno la Kiswahili lenye maana ya zawadi, na hakuna Mswahili anayelijua neno hilo. Nyingine zinatoa Zuri kama jina kamili la "mrembo", wakati kwetu hicho ni kivumishi kinachosubiri kiambishi. Ikiwa wanatukosea sisi hivyo, basi na tuamini kwamba orodha hizohizo zinawakosea Wajapani, Waigbo na Wahindi. Dawa yake ni kumtafuta msemaji wa lugha husika. Tunduma kuna Wabemba, Kyela kuna jamaa wa Wangonde wa Karonga, vyuoni Mbeya na Iringa kuna wanafunzi wa kila upande, na swali la adabu kuhusu maana ya jina halimuudhi mtu yeyote.

Muulize msemaji huyo mambo mawili: jina hilo lina maana gani, na je, mtu huitwa hivyo kweli? Neno kuwa na maana nzuri hakulifanyi kuwa jina. Kwa Kijapani jambo hili ni gumu zaidi, kwa kuwa jina linalotamkwa kwa sauti ileile huweza kuandikwa kwa herufi tofauti na kila herufi ikaleta maana yake. Mtu anayekutajia maana moja tu ya jina la Kijapani bila kukuonyesha limeandikwaje amekupa nusu ya habari.

Jina lisikatwe mahali ambapo maana inavunjika. Abdul peke yake ni "mtumishi wa", na msikilizaji wa Kiarabu hubaki akingoja mwisho wa sentensi: Abdulrahman, mtumishi wa Mwingi wa Rehema, au Abdulkarim, mtumishi wa Mkarimu. Deodatus akikatwa kuwa Deus anakuwa Mungu mwenyewe, jambo ambalo naamini hakuna mzazi aliyelikusudia. Historia ya Iringa ina mfano wake: mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891 alikuwa Mkwavinyika, jina linaloelezwa kuwa ni la mtwaaji wa nchi, likafupishwa kuwa Mkwawa, na katika maandishi ya Wajerumani likawa Quawa, ambamo nchi zote alizozitwaa zimepotea.

Sauti moja pia huweza kuwa na wazazi wawili. Asha wa Waswahili ametokana na Aisha, aliye hai, na Asha wa Wahindi ni tumaini. Ngozi ni baraka kwa Waigbo, ni ngozi tu kwetu, na kwa Washona ni roho ya marehemu inayorudi kulipiza kisasi. Mtu anayetaka kumwita bintiye Ngozi akiwa Mbeya, na ana mpango wa kuhamia Harare, ameshaarifiwa.

Kulijaribu jina mdomoni

Kabla ya kuamua, simameni mlangoni mkaliite jina kwa sauti kubwa, kana kwamba mtoto yuko ng'ambo ya shamba la migomba. Jina lisiloweza kuitwa kwa mbali litapewa kifupi na majirani, nanyi hamtashauriwa. Mwombeni bibi alitamke pia. Lugha zetu kadhaa za nyanda za juu hazitofautishi r na l, na jina lililojaa herufi hizo mbili litarudi kwenu kila siku likiwa na sura mpya. Hilo si kosa la bibi, nanyi hamna budi kulikubali tangu mwanzo au kuchagua jingine.

Msikilize vilevile Kiswahili kitasema nini. Ada ni jina la heshima kwa Waigbo, humaanisha binti wa kwanza, lakini shuleni atakuwa ada ya shule, na mwezi wa kwanza hautapita bila mtu kuuliza kama Ada amelipwa. Leo ni simba kwa Kilatini, na "Leo hayupo leo" ni sentensi ambayo mwalimu wake ataichoka. Jina "Pia", kwa Kilatini hichohicho, ni mcha Mungu wa kike, nalo limewahi kutumika bila madhara makubwa. Kissa akiandikwa kwa s moja anageuka kuwa kisa. Kuna pia majina yanayoheshimika kwao ambayo kwa Kiswahili huwezi kuyatamka mbele ya mkwe, na hayo sitayaandika.

Jina la kwanza lipimwe pamoja na la ukoo. Koo za Kinyakyusa zinazoanza na Mwa-, yaani wa uzao wa fulani, mara nyingi zina silabi nne au tano, kama Mwakipesile, na jina fupi la kwanza hupumzisha ulimi. Wanyamwanga wana utaratibu unaopendeza, ambapo jina la ukoo huanza na Si- kwa mwanamume na Na- kwa mwanamke, kaka akawa Simfukwe na dada akawa Namfukwe. Ni vyema mliamue hili mapema, kwa sababu maofisa wasiojua desturi hiyo hudhani kuwa hao si ndugu.

Kuhusu kuwarithisha watoto majina ya wazee, mzozo wa upande gani uanze unaweza kukopa suluhisho la Wakikuyu, ambao wamelipanga jambo hili zamani: mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Ukumbuke tu kuwa watu hutofautiana. Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki kwa desturi hawampi mtoto jina la ndugu aliye hai, ilhali wale wa asili ya Hispania hulifanya hilo na kuliona ni heshima.

Muda na karatasi

Hakuna sababu ya kukimbilia kuamua wodini. Waislamu wengi hutoa jina siku ya saba pamoja na akika, Wayoruba na Waakan husubiri siku ya nane, na wazee wetu walingoja kitovu kikatike kwanza. Sheria ya usajili wa vizazi inatoa siku 90, muda unaowatosha hata bibi wawili wasioelewana.

Mtoto akizaliwa kituoni mtapewa tangazo la kizazi. Usajili uko chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kwa watoto wa chini ya miaka mitano umesogezwa hadi kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, ambako cheti cha kwanza hutolewa bila malipo. Mbeya ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kupata utaratibu huo, mwaka 2013. Iceland ina kamati ya serikali, tangu 1991, inayochunguza kila jina jipya kama linakubali kunyambulika kwa sarufi yao. Sisi hatuna kamati, tuna karani mwenye foleni ndefu, kwa hiyo uchunguzi ni wenu.

Andikeni jina lote nyumbani kwa herufi kubwa, majina yote matatu, na mkabidhi karatasi badala ya kulitamka dirishani. Amueni mapema kama ni Kissa au Kisa, kama ni Mphatso au Mpatso, kama Yohana ataandikwa hivyo au John, na uandishi huohuo uende kwenye kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na fomu ya shule, kwa maana miaka mingi baadaye cheti cha darasa la saba kisipofanana na cha kuzaliwa ni mtoto atakayezungushwa. Msiondoke dirishani kabla ya kusoma cheti herufi kwa herufi. Cha mtoto wetu wa kwanza kilitoka kikiwa na Ipiana, tukagundua tuko stendi, na herufi ile moja ilitugharimu safari tatu.